Springi za kuongeza, tela ya boti na ekseli ya tatu: majibu yenu ya inspeksheni

Barua za mwezi huu karibu zote zauliza jambo moja, gari imebadilishwa kwa fundi, sasa siku ya inspeksheni pale Miritini imefika, ipite vipi. Nimechukua zile zenye mambo tofauti. Na niseme mapema: sheria haikukatazi kubadilisha gari yako, inachotaka ni kile kilichoko barabarani kilingane na kilichoandikwa kwenye logibuku, na breki na taa ziwe zimefuata hayo mabadiliko. Wengi wenu mwaanza na grenda, karatasi mwazitafuta baadaye, na hapo ndo pesa zenu zinapoishia.

*Nina pikapu Hilux, nabeba soda na maji ya chupa kutoka Changamwe hadi Kilifi. Fundi aliniongezea springi mbili kila upande nyuma na akainua keji. Inspeksheni wamesema breki za nyuma hazishiki, na brekishuu nimeweka mpya juzi tu. Kuna mtu nje ya geti ataka nimpe pesa animalizie. Nifanyeje? Dereva, Mikindani*

Pole sana ndugu yangu. Huyo wa getini mwache kabisa, hata akikuletea stika breki zako zitabaki vile vile, na ni wewe utakayekuwa kwenye stelingi lori likisimama ghafla mbele yako pale Mtwapa na kreti zimejaa nyuma.

Sasa ingia chini ya gari na tochi. Hilux nyingi, na Hiace pia, zina vali ya breki imefungwa kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma, na kutoka kwa ile vali kuna kifimbo cha chuma ama springi ndefu nyembamba inayoshuka mpaka kwenye ekseli yenyewe. Hicho kifimbo ndo kinaiambia vali gari imebeba ama haijabeba. Ukipakia, bodi yashuka, kifimbo chasukumwa, vali yafunguka na breki za nyuma zapata presha zaidi. Gari ikiwa tupu bodi iko juu, vali yabana presha ili tairi za nyuma zisifunge gari ikaserereka. Wewe umeongeza springi, bodi imepanda, kwa hivyo ile vali siku zote yajua gari ni tupu hata ukipakia mpaka juu, na brekishuu ungeweka za dhahabu haitabadilika kitu. Mpelekee fundi wa breki, si wa kuchomelea, aiseti upya hiyo vali kwa kupima presha mbele na nyuma ama ainue kile kishikio chake kulingana na vile bodi ilivyopanda. Na akikwambia aitoe vali aunganishe paipu moja kwa moja, kataa. Kwenye mashine zitashika lakini siku ya mvua gari ikiwa tupu nyuma itakupita mbele.

Angalia na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Ukiongeza springi zile za zamani huwa fupi, mafundi wengine wazilazimisha nati ikamatie nyuzi mbili tatu za mwisho. Zinunuliwe mpya, ndefu, nati ipite na nyuzi zionekane nje, halafu zikazwe tena baada ya kusafiri siku chache. Taa za mbele nazo ziseti gari ikiwa na mzigo wa kawaida, manake nyuma ikipanda mwanga waanguka karibu na bampa huoni mbali. Keji isifiche taa za breki, indiketa wala namba pleti.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili, springi za kuongeza hazijakuongezea uzito wa kubeba. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, na kilichoandikwa kwenye logibuku hakijabadilika. Springi imezuia gari isiiname tu.

*Probox yangu ilikuwa na tairi za 165/80R13, nimeweka rimu za 14 na tairi za 185R14 ili nipite barabara mbovu za kwetu. Kuna shida? Kijana wa Bamburi*

Iko, mdogo wangu. Tairi ya zamani urefu wake kutoka chini mpaka juu ni karibu milimita 594, hiyo mpya ni karibu 650. Kila mzunguko gari yaenda mbali zaidi na saa yako ya spidi haijui, kwa hivyo ikisoma 80 we uko karibu na 88. Wenye matatu na magari ya biashara walio na spidi gavana walifikirie hili sana, manake gavana ya 80 nayo yaweza kudanganyika vile vile kama yachukua hesabu kutoka kwa gia. Tairi ndefu pia yaidhoofisha breki na injini, kitu ambacho gari ndogo ikiwa na abiria na mizigo utakihisi.

Kata stelingi mpaka mwisho kushoto na kulia gari ikiwa imepakia, kama tairi yagusa bodi ama mpira wa breki basi haiendi popote hiyo. Na kama umeweka vile vibati vya kusukuma rimu nje, vitoe, vyaelemea beringi na nati. Mimi ningerudi kwenye saizi iliyo karibu na ile ya kiwandani, nikapata tairi yenye ukuta mgumu.

*Assalamu alaikum. Nimetengenezewa tela ya boti ya futi 18 hapa Mtwapa, ni mabomba ya mraba yamechomelewa, ekseli moja. Nilidhani tela ndogo haihitaji mambo mengi lakini trafiki amenishika. Nianzie wapi? Nahodha, Mtwapa*

Waalaikum salaam nahodha. Tela Kenya ni chombo kamili, ina logibuku yake na namba yake, zile zinazoanza na Z, na inspeksheni yake haifungani na ya gari inayoivuta. Kwa hivyo kuvuta tela kwa kuning'iniza namba ya gari nyuma hakutoshi. Ombi laanzia kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, na kwa sababu ni ya kutengenezewa hapa utatakiwa kuonyesha imetoka wapi: karatasi za karakana, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, risiti za vifaa. Kabla hujalipa kitu chochote fika Miritini uwaulize orodha yao kwa tela ya aina yako, uandike, urudi kwa fundi nayo. Fundi asiyeweza kukupa karatasi, mtafute mwingine hata kama ni bei juu.

Haya, chombo chenyewe. Maji ya chumvi ndo adui yako na yaanza kula pale usipoona. Bomba la mraba laoza kutoka ndani, nje rangi yang'aa. Chukua nyundo ndogo uligonge taratibu kila shubiri moja, hasa chini na pale lilipochomelewa. Chuma kizima chalia, kilichooza chatoa sauti ya kufa na wakati mwingine nyundo yazama. Mkaguzi akiinama chini ya tela yako atagonga hapo hapo. Toboa vitundu vidogo chini ya kila bomba maji yatoke, na kila ukitoka baharini osha kwa maji matamu mpaka ndani ya mabomba.

Beringi nazo: ukitoka barabarani habu, vile vitovu vya gurudumu vinavyoshika beringi, ziko moto, ukiizamisha tela baharini saa hiyo hiyo hewa ndani yapoa ghafla na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili, grisi yageuka nyeupe kama uji, na baada ya wiki chache gurudumu lapiga kelele ama lachomoka. Subiri habu zipoe mpaka uweze kuweka mkono, ndo uishushe boti. Taa afadhali uzifunge kwenye ubao unaotoka, unauondoa kabla ya kuingia majini na kuurudisha ukipanda, hivyo siku ya inspeksheni zitawaka zote, za breki, indiketa na za namba.

Kwenye kuunganisha sitaki mchezo. Mpira wa kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha tela chalifunika, ulio wa kawaida ni milimita 50, lakini kuna vikombe na mipira ya Marekani ya inchi 1 na 7/8 ambayo ni kama milimita 47 na nusu. Kikombe cha 50 chakaa juu ya mpira huo mdogo vizuri kabisa, wafunga, waona imeshika, halafu tuta la kwanza chachomoka. Soma namba iliyogongwa juu ya mpira. Weka minyororo miwili, ipishane msalaba chini ya ulimi wa tela, ili ikichomoka ulimi udakwe usichimbe lami. Uzito unaolalia mpira uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa tela na boti, ukiwa mdogo sana tela yaanza kutikisa mkia ukifika spidi. Na breki: Ulaya tela ikizidi kilo 750 pamoja na mzigo lazima iwe na breki zake. Boti ya futi 18 na injini na mafuta yapita hapo kirahisi, kwa hivyo hata kabla hujaulizwa weka ekseli yenye breki.

*Nina tela ya ekseli 2 ya kubeba kontena kutoka bandarini, hosi (kichwa cha lori) ni ya ekseli 3. Nataka kuongeza ekseli ya tatu kwenye tela nipate kubeba zaidi. Inspeksheni watakubali? Mwenye lori, Jomvu*

Bwana mkubwa, hesabu kwanza. Kwa sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya 2016 ekseli ya stelingi ni tani 8, ekseli 2 zenye tairi mbilimbili tani 18, na ekseli 3 tani 24. Sahi wewe uko 8 na 18 na 18, yani 44. Ukiongeza utakuwa 50. Lakini ekseli yenyewe na springi zake na tairi nne yaweza kukaribia tani moja, kwa hivyo faida yako ni kama tani 5, na kwenye mizani ya Mariakani wataipima kila ekseli si jumla peke yake.

Watakubali kama umeomba mabadiliko mapema, kazi imefanywa na karakana inayotambulika, na logibuku ikabadilishwa kuonyesha ekseli 3 na uzito mpya. Ukipeleka tela ya ekseli 3 na karatasi ya ekseli 2 utarudishwa bila kuangaliwa hata tairi, na haki iko upande wao.

Ukiwa karakana simama hapo mwenyewe na futi kamba. Pima kutoka kingipini, ile pini ya tela inayoingia kwenye hosi, mpaka ncha ya ekseli ya kwanza kulia, halafu kushoto, tofauti isizidi milimita 3. Ekseli ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, tofauti isizidi milimita moja na nusu. Ikizidi, tela yaenda upande kama kaa na tairi zaisha kabla hujarudi Malaba. Lazima pia kuwe na vile vyuma vya kugawanya uzito kati ya springi za ekseli moja na nyingine, nimeona ekseli zimechomelewa kila moja kivyake na ile ya katikati ikabeba mzigo wote kila ukipita tuta. Usikubali kuchomelea kukingama upana wa ubamba wa chini wa boriti, ufa waanzia hapo hapo.

Halafu upepo. Ekseli ya tatu ina chemba zake za breki, tangi la upepo lililokuwa latosha ekseli 2 laweza lisitoshe 3, na vali ikiwa ndogo breki za nyuma zafika zimechelewa. Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa uone geji yashuka kiasi gani, halafu mtu asikilize kila jointi. Fikiria kushuka Mazeras kuelekea Miritini na tani 50, hapo kuna watu wamekaa na meza za machungwa kando ya barabara. Twisiloki, zile kufuli za kushika pembe za kontena, ziwe nzima zote na zifunge kwa mkono, si kwa nyundo, na ukibeba kontena 2 za futi 20 zahitajika 8, zile 4 za katikati ndo wengi wanazikosa.

Kuna mtindo mwenzako mmoja aliniandikia, kuazima tairi nzuri za siku moja, kupita, kisha kuzirudisha. Naomba msifanye. Mwenye lori hayuko nyuma ya stelingi usiku, dereva wake yuko.

*Hiace yangu ilikuwa na injini ya Toyota aina ya 2L, nimeweka ya aina ya 5L iliyotumika kutoka duka la Shimanzi. Nimeambiwa nifute namba nigonge ile ya zamani. Mama mwenye matatu, Likoni*

Hapana mama, usiguse hiyo namba kabisa. Kufuta namba ya injini kwaigeuza shida ya karatasi kuwa kesi ya polisi, na gari yaweza kuzuiliwa. Rudi dukani leo, taka risiti yenye namba ya injini imeandikwa juu yake na nakala ya karatasi za forodha walizoingizia mzigo. Wakikosa, rudisha injini mapema ukiwa bado unajuana nao. Ukizipata, omba kubadilisha injini kwenye akaunti yako ya NTSA, peleka gari ikaguliwe, na logibuku itoke na namba mpya. Mwambie fundi asafishe pale namba ilipo kwa dizeli na kitambaa, asitumie waya wala msasa, isije ikaonekana imekwaruzwa. Na kampuni ya bima nayo ijulishwe injini imebadilika.