Kabla Hujafunga Kitambaa Chekundu

Mpwa wangu ana miaka 22, amemaliza chuo, anauza vifuniko vya simu karibu na stendi ya mabasi. Juzi alikuja kwenye kibanda changu cha pesa za simu hapa Kisenyi, Kampala, akasubiri mteja wa mwisho aondoke, kisha akaniuliza: "Mjomba, kati ya watu wa Besigye na watu wa Bobi Wine, nikijiunga na wapi sitapoteza muda?" Nilimwambia avute kiti. Nimetembea na hao wote wawili, daktari Besigye na mwanamuziki Bobi Wine, wapinzani wa Rais Museveni, na mguu wangu wa kushoto una ushahidi.

Nilianza Aprili 2011. Uchaguzi ulikuwa umekwisha Februari, petroli ikapanda, chakula kikapanda, nauli ya teksi ikapanda. Watu wa Besigye wakasema: kama nauli imetushinda, tutembee kwenda kazini, Jumatatu na Alhamisi. Nilikuwa nakaa Bweyogerere, nje ya mji. Nilitembea hadi mjini na viatu vya ngozi vya kuazima, jambo la kijinga sana. Lakini wazo lenyewe lilikuwa la mtu mwenye akili. Lilihitaji miguu yako tu, na lilimweka askari mahali pagumu: atakushtaki kwa kosa gani, kutembea? Walitukamata hivyo hivyo.

Udhaifu wake niliuona tarehe 28 mwezi ule ule. Walivunja kioo cha gari la Besigye, wakampulizia pilipili machoni, akaishia Nairobi kutibiwa. Kesho yake mji uliwaka, na watu walikufa. Hasira ilikuwepo tele, ila hakuna aliyejua Jumatatu ijayo tutembee kuelekea wapi. Mwaka uliofuata serikali ililipiga marufuku kundi lililokuwa likiandaa matembezi yale, na mambo yakapoa. Kwa hiyo, mpwa wangu, swali la kwanza kumuuliza anayekuita ni hili: wewe ukikamatwa leo asubuhi, mimi jioni nafanya nini?

Mwishoni mwa 2012 walikuja watu wa mashirika na viongozi wa dini, wakatuomba tuvae nyeusi kila Jumatatu kupinga wizi wa fedha za umma. Zilikuwa zimeibwa hata fedha za kuwasimamisha tena watu wa Kaskazini baada ya vita. Niliwacheka: hayo ni maandamano ya wenye mshahara na kabati la nguo. Siku hizi siwacheki sana. Mama muuza ndizi aliweza kuvaa nyeusi bila kufunga genge lake.

Nyekundu, rangi ya watu wa Bobi Wine, nilianza kuipenda kwa sababu ya tumbo. Julai 2018 ilikuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, eti kwa ajili ya lugambo, yaani umbea, na pamoja nayo asilimia 1 kwenye pesa za simu. Mimi ndiyo kazi yangu! Mteja akitoa laki moja, shilingi elfu moja ya kodi imeondoka, juu ya gharama ya kawaida. Wateja walirudi kupeana noti mkononi, na mimi nikakaa nikipiga miayo. Kyagulanyi, ndiye huyo Bobi Wine, alipoingia barabarani mwezi ule, nilifunga kibanda nikamfuata. Ile ya pesa za simu ilishushwa hadi nusu asilimia, na ile ya 200 ilifutwa mwaka 2021, ingawa walituwekea asilimia 12 kwenye bando.

Sasa linganisha na Togikwatako ya 2017, ambamo rangi hiyo hiyo ilipamba moto. Tulisema msiguse ukomo wa umri wa rais. Wabunge 317 waliugusa, 97 wakakataa, basi. Anayeomba punguzo la kodi anamuudhi mtawala. Anayegusa kiti anamtisha, na mtu aliyetishwa hatumii hoja. Novemba 2020, Bobi Wine alipokamatwa akigombea urais, kwa siku mbili walikufa watu 54, hiyo ni hesabu ya serikali yenyewe. Nilikuwa nimelala sakafuni kibandani nikisikia risasi. Sikwambii usiguse kiti. Nakwambia ujue bei yake kabla ya kutoka nyumbani.

Ushindi mkubwa nilioushuhudia haukuwa wa chama. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuiachia kampuni ya sukari karibu robo ya msitu wa Mabira ikatwe, ilime miwa. Watu walisusia sukari ya kampuni hiyo, ile ya Lugazi, wakaandamana, na mpango ule haukufika popote. Ombi moja, lenye kueleweka hata na mtoto. Lakini siku ile ya Aprili umati uligeuka, ukaanza kuwasaka Wahindi, na mtu asiye na kosa aliuawa. Nilikuwepo mtaa wa pili. Umati ukianza kutaja kabila au rangi ya mtu, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama sababu iliyokuleta ni ya haki.

Na hili la lugha halisemwi. Mimi Kiswahili ndicho nilichokulia. Kwenye mkutano mmoja wa wekundu nilimwomba jirani maji kwa Kiswahili, watu wanne wakageuka kunitazama kama jasusi. Hapa kwetu bado ni lugha ya askari na majambazi, ya "lala chini!" Nawaelewa, ila vuguvugu ambalo mtu wa mpakani, wa Busia au Arua, hawezi kuomba maji ndani yake litajaa hapa Buganda na kuishia hapo.

Halafu wakubwa huhama. Mathias Mpuuga alikuwa mratibu wa yale matembezi ya 2011, baadaye akawa kiongozi wa upinzani Bungeni kwa tiketi ya wekundu, na 2024 wakagombana naye kuhusu tuzo ya shilingi milioni 500 aliyopewa Bungeni. Wao wana pa kuhamia. Kovu la mguu halihami.

Wenzako wa Julai 2024, waliotaka kwenda Bungeni kupinga ufisadi baada ya kuwaona vijana wa Kenya, hawakuwa na kiongozi mmoja, yaani kichwa cha kukatwa. Hilo lilinifurahisha. Wengi walikamatwa hata kabla ya kulikaribia Bunge, na hapo ndipo ukosefu wa kichwa ulipouma: nani anatafuta wakili, nani anapeleka chakula rumande? Mimi 2011 nililala huko siku mbili, na walionitoa ni wanawake wa kikundi cha akiba cha mama, waliochangishana.

Ukienda basi, nenda na mtu unayemjua kwao. Andika namba ya wakili kwenye mkono, siyo kwenye simu. Vaa raba. Na mwambie mama yako unakokwenda. Mimi sikumwambia wangu, akanitafuta mochwari kabla ya kunitafuta polisi.