Wasomaji Wanauliza: Je, uyoga na bakteria hula plastiki kweli?

Wanafunzi wangu walikatakata mifuko laini ya plastiki, wakaichanganya na mabua na kupanda mbegu za uyoga wa mamama. Baada ya siku 40 mifuko ilikuwa imefunikwa na nyuzi nyeupe, na uzito wake umepungua kwa asilimia 3. Je, imeliwa? (Mwalimu wa biolojia)

Mwalimu, jaribio hilo bado halijajibu swali lenu. Uyoga ulikuwa na mabua tele ya kula. Nyuzi zilizotanda juu ya mfuko ni kama mmea unaotambaa ukutani: unashikilia, hauli ukuta. Mifuko laini kwa kawaida ni polietilini, mnyororo wa kaboni kwa kaboni usio na viungo ambavyo vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) huvikata kwa msaada wa maji. Ile asilimia 3 yaweza kuwa rangi, vilainishi au wanga uliotiwa kiwandani.

Rudieni hivi. Kateni vipande vya sentimita 5 kwa 5, vioshwe kwa sabuni, viloweke nusu saa kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha vikaushwe kwa nyuzi joto 50 hadi uzito usibadilike tena. Kipande cha ukubwa huo chenye unene wa mikroni 30 kina takriban miligramu 69 tu, kwa hiyo kosa la miligramu 2 linatosha kuzaa "asilimia 3" yenu. Inahitajika mizani inayosoma miligramu 0.1, ya jikoni haifai.

Safari hii msiweke mabua. Tumieni maji yenye chumvichumvi za lishe (naitrojeni, fosforasi, magnesiamu, chuma) lakini bila sukari wala chanzo kingine cha kaboni. Andaeni makundi matatu yenye vipande visivyopungua vitatu kila moja: chenye kuvu hai (nyuzi za uyoga wenu), chenye kuvu iliyouawa kwa joto, na kisicho na kuvu. Mwishoni osheni vipande kwa myeyusho wa asilimia 2 wa sodiamu dodesili salfeti (sabuni ya maabara) kwa saa 4, suuzeni, kausheni, pimeni. Mkiruka hatua hiyo, utelezi wa kuvu utaongeza uzito na kuficha upungufu. Makundi yote matatu yakipungua sawasawa, kilichotoka ni viungio vya kiwandani. Likipungua la kuvu hai peke yake, mna jambo la kupeleka maabara, wapime kama minyororo yenyewe imefupika.

Uyoga uliomea kwenye plastiki msiule.

Nimesoma kuhusu bakteria wa Japani anayekula chupa. Kwa nini asimwagwe tu kwenye madampo? (Mkusanyaji wa chupa)

Huyo ni Ideonella sakaiensis, aliyepatikana katika mji wa Sakai, kwenye eneo la kuchakata chupa za PET (plastiki ya chupa za maji na soda), na kutangazwa mwaka 2016. Ana vimeng'enya viwili vinavyopokezana kazi: cha kwanza hukatakata PET, cha pili humalizia hadi ibaki asidi ya tereftali na ethilini glaikoli, yaani vijenzi vya PET. Lakini utando mwembamba, wa PET ambayo karibu haina fuwele (sehemu ambapo minyororo imejipanga na kubanana), ulimchukua takriban wiki 6 kwa nyuzi 30. Ukuta wa chupa umevutwa kiwandani hadi minyororo ikajipanga fuwele, na hapo kimeng'enya hakipati pa kushika. Dampo halitambadilishia hilo.

Kinachofanya kazi ni kimeng'enya ndani ya tangi. PET huyeyushwa, hupozwa ghafla ili fuwele zisijipange, husagwa kuwa unga, kisha huchanganywa na maji na kimeng'enya. Mwaka 2020 watafiti nchini Ufaransa walivunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10 kwa nyuzi 72, joto ambalo PET hulegea. Asidi inayotoka hushusha pH (kipimo cha uasidi) na kukizima kimeng'enya, ndiyo maana kostiki soda huongezwa muda wote.

Hapo ndipo kazi yako ina thamani kubwa. Ondoa vifuniko: ni polietilini au polipropilini, huelea majini wakati PET inazama. PVC, plastiki nyingine yenye klorini, nayo huzama, basi geuza chupa uangalie kitako. PET ina kinukta katikati na namba 1. PVC ina mstari wa kiungo na namba 3. Itenge bila huruma, kwa sababu ikiyeyushwa hutoa asidi ya haidrokloriki inayoharibu PET.

Kikombe kilichoandikwa "kinaoza" kimekaa miezi 8 kwenye lundo langu la mboji, kizima. (Mkulima wa bustani)

Huenda ni PLA, plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mimea. Minyororo yake hulegea karibu na nyuzi 60. Maji huikata kwanza, ndipo vijidudu hula vipande. Vituo vya mboji hushikilia takriban nyuzi 58 kwa wiki kadhaa. Chomeka kipimajoto katikati ya lundo: likiwa na nyuzi 35, kikombe kitabaki kikombe. Lundo lenye upana, urefu na kimo cha mita 1, lenye unyevu wa sifongo iliyokamuliwa na linalogeuzwa, laweza kufika 58, ila kwa siku chache. Kikombe chako kipeleke kituoni, au kitenge na mboji.