Nenda kwa daktari wa meno wakati hakuna jino linalouma

Hapa Goma ukisema una randevu kwa daktari wa meno, watu wanakupa pole kwanza. Ukieleza kwamba hakuna jino linalouma, unaenda kufanyiwa detartraji tu, yaani kusafishwa meno, wanakushangaa: "Meno hainiume, niende kutupa franga?"

Mimi huenda hivyohivyo, bila maumivu, na sababu yangu ni fizi. Jino lililotoboka litakuamsha usiku. Fizi huharibika kimyakimya. Ukoga, ule utando laini wa menoni, usipoondolewa huanza kuwa mgumu ndani ya siku chache, ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua kwa hasira. Hupenda kujaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na pale mate yanapotokea, kwa sababu madini ya mate ndiyo yanayougandisha. Fizi huvimba kidogo na kutoa damu ukipiga mswaki. Hapo bado zinapona. Ukizidi kuchelewa, mfupa unaoshika jino huanza kuliwa, na ukishaliwa haujijengi tena wenyewe. Wavutaji sigara wana hatari ya ziada: tumbaku hupunguza damu ya fizi, basi hata dalili hiyo hawaioni.

Kuna maneno ya mtaani kwamba detartraji inalegeza meno. Nilipomaliza ya kwanza, ulimi wangu ulikuta mianya ambayo sikuijua, na maji baridi yalinichoma kwa siku kadhaa. Mianya ilikuwepo zamani. Ugaga ndio uliokuwa umeiziba. Mtu ambaye jino lake linacheza baada ya kusafishwa, mara nyingi mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa, ila ugaga ulikuwa unalishikilia kama saruji mbovu.

Jambo jingine ni la kwetu hasa. Watu wengi wa pande hizi za volkano wana madoa ya kahawia kwenye meno, kwa sababu ya floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yalipokuwa yakijengeka. Doa hilo liko ndani ya jino lenyewe. Kusafisha hakuliondoi, wala limao, ambalo linakula jino bure. Usimlaumu daktari kwa hilo.

Uende mara ngapi? Wengi husema kila miezi 6, lakini si sheria. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2004 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya afya, unawapa watu wazima muda wa kati ya miezi 3 na miaka 2 kwa uchunguzi, kulingana na hali ya kila mmoja. Mwenye kisukari asikae muda mrefu, kwa kuwa sukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Mama mjamzito anayetokwa na damu ya fizi naye aende. Ujauzito hauzuii kusafishwa, ila amwambie daktari.

Marekani kazi hii ina watu wake maalumu, tangu daktari wa meno Alfred Fones alipofungua shule yao Bridgeport mwaka 1913. Kwetu mara nyingi anayekusafisha ni daktari mwenyewe. Muulize bei kabla ya kukaa kitini, na vyombo vinatakaswaje. Asiyependa swali hilo, muage. Piga simu pia kabla ya kupanda pikipiki, maana mashine ya kusafishia inahitaji umeme. Ukikosekana, vyuma vya mkono vinafanya kazi ileile, ila utakaa mdomo wazi muda mrefu zaidi.