Mgongo unamuuma mama, miaka 12 baada ya saratani ya titi

Mwanangu wa Wete, pole. Unasema mama alikatwa titi miaka 12 nyuma, akapona, na sasa mgongo unamuuma usiku hata akilala, na majirani wanataka akandwe. Huko kukanda acheni kwanza. Saratani ya titi ikirudi hupenda mifupa, na mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika kwa kubanwa tu.

Ndiyo, hurudi hata baada ya miaka 10 au 20, hasa ile inayolishwa na homoni ya estrojeni. Seli chache hulala mwilini, vipimo visizione. Si kosa la chakula, wala hakurogwa. Lakini huenda ni mgongo wa utu uzima tu, msimlilie kabla ya vipimo.

Mpelekeni hospitali na makaratasi yote ya zamani, hasa majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara. Wakikuta kitu, ulizeni kama watachukua kinyama kipya: uvimbe hubadilika tabia, na dawa ikabadilika nayo. Ikiwa mifupani, kwa kawaida haiondoki kabisa, ila wengi huishi nayo miaka kwa dawa. Kwa tiba ya mionzi, pengine mtavuka hadi Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam.

Miguu ikilegea, au mkojo ukimtoka bila kujua, msingoje boti ya kesho: hospitali ya karibu, saa hiyo hiyo.