Volkano ni mbali, ila maji moto yako Amboni

Mdogo wangu, umeuliza kama ukitokea Tanga mjini unaweza kuona volkano ukarudi siku hiyohiyo. Volkano hai ni Ol Doinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron. Kwa siku moja hufiki. Nenda kwenye mapango ya Amboni, kama kilomita 8 tu kutoka mjini. Kwenye chemchemi za maji moto za Galanos, karibu na hapo, harufu ya kiberiti, kama yai viza, inakupokea kabla hujayaona maji. Ni ya moto, gusa kwa uangalifu. Mapango yenyewe ni ya mawe ya chokaa, yamechongwa na maji, si volkano. Usiingie bila mwongozaji, nakusihi: ndani ni giza totoro, popo tele, na njia zinachanganya. Vaa raba, beba tochi yako.