Taa ya upepo wa tairi haizimi, nichukue sensa za mtumba?

SWALI: Habari fundi. Nina pikapu Ford Ranger ya 2016, niliiagiza Uingereza. Kila nikiwasha gari ile taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi inawaka inazima inawaka inazima kama dakika nzima hivi, halafu inabaki imewaka tu, na upepo nimepima kwa mtu wa pancha zote ziko sawa. Fundi kasema sensa zimekufa, vile vidude vya kupima upepo vinavyokaa ndani ya tairi kwenye valvu. Sasa kuna jamaa wa spea mtaa wa Gerezani, Dar, ananipa nne used kwa laki na nusu, mpya nimeulizia hela ndefu. Nichukue au ndo napigwa? – Msomaji, Mbezi

JIBU: Kaka wa Mbezi, fundi wako yuko sahihi. Upepo ukipungua taa inawaka na kutulia, ikianza na kuchezacheza hivyo ujue gari kuna sensa haiisikii. Na kwa gari ya 2016 wala sishangai, ile sensa ina kabetri ndani kamezibwa na gundi, hakabadilishwi, kanaishi miaka 5 mpaka 10 kisha basi. Sasa hizo za jamaa zimetoka gari ya mwaka gani? Kama ni ya 2015 hapo unauziwa betri iliyochoka kuliko yako, na uchungu sio hiyo laki na nusu tu, ni kwamba kila ikifa moja unarudi kuvua tairi kwenye rimu upya na hela ya fundi unalipa tena.

Halafu kuna mambo ya masafa ya redio, maana sensa inaongea na gari kwa mawimbi ya redio. Ranger ya Uingereza inasikiliza megahezi 433, gari nyingi za Marekani ni 315, na ukiziweka mezani zinafanana kama pacha, muuzaji mwenyewe hajui, kazikusanya kwenye ndoo moja. Mara nyingi imeandikwa mgongoni kwa herufi ndogo, washa tochi ya simu usome.

Mi mwenyewe yalishanikuta. Nilichukua nne, nikazifuta vumbi nikaona safi, kumbe moja valvu yake ya aluminiamu ilikuwa na ule unga mweupe wa kutu kwenye nyuzi, fundi kukaza nati kidogo tu, tak! imekatika na tairi ishapakwa sabuni inasubiri.

Ukiona lazima used, usitoe hela mpaka mwenye mashine ya sensa aziamshe moja moja mbele yako: itoe namba yake na upepo, na mashine nyingine zinakuonyesha hata hali ya betri. Isiyojibu irudishe kwenye ndoo. Namba hizo ndo baadae zinaingizwa kwenye kompyuta ya gari, bila hivyo hata sensa nzima taa haizimi, kwahiyo muulize fundi wako kabisa kama mashine anayo. Na raba za valvu nunua mpya, ni hela ndogo.

Ningekuwa mimi ningesubiri siku nabadilisha tairi nifunge mpya zote nne kwa mkupuo. Kwa sasa nunua zile sensa za kufunga juu ya valvu kama kifuniko, zinakuja na kaskrini kake, betri unabadilisha mwenyewe. Taa ya dashibodi itabaki inawaka lakini upepo utauona. Ila ukipaki usiku sehemu usiyoiamini zifungue utie mfukoni, la sivyo asubuhi hutazikuta.