Neema, tia alama kwenye hicho kisanduku

Neema mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako nilipotoka zamu ya usiku, na nimeurudia tena baada ya kulala kidogo. Unauliza mambo mawili. Kwanza, kama utie alama kwenye kile kisanduku cha fomu ya maombi ya programu za kiangazi kinachosema unatoka katika mazingira duni. Pili, kama ni busara kuacha kibarua cha dukani kiangazi hiki ili uende kwenye programu ya afya ya akili yenye posho isiyofikia mshahara wako. Mama yako naye kanieleza lake: hataki ukoo wake uandikwe maskini kwenye makaratasi ya watu. Hilo niachie, nitazungumza naye.

Tuanze na kisanduku. Hawakuulizi kama mlilala njaa. Serikali ya Marekani ina vipimo vyake, na vimeandikwa wazi. Katika programu za TRIO, zile za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi kufika na kumaliza chuo, yaani Upward Bound, McNair na wenzake, wanatazama kama pato la familia linalotozwa kodi halizidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, na kama mzazi yeyote ana shahada ya kwanza. Kwenye programu za fani za afya zinazofadhiliwa kupitia HRSA, wakala wa serikali kuu wa huduma za afya, kipimo cha pato hufika asilimia 200. Mimi nina cheti, mama yako ana stashahada, shahada hatuna. Kwa hiyo wewe ni mwanafunzi wa kizazi cha kwanza chuoni, na hilo limo katika kanuni, halitokani na huruma ya mtu. Mficha uchi hazai, mama. Na ukitaka mfano, hiyo McNair imepewa jina la Ronald McNair, mwanafizikia aliyefariki katika chombo cha Challenger mwaka 1986. Sijasikia mtu akimwita yule bwana mnyonge.

Jambo moja tu: programu nyingi za fedha za serikali kuu hutaka uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Wewe huna tatizo. Yule rafiki yako mwenye viza ya mwanafunzi aangalie zinazolipiwa na vyuo vyenyewe au wafadhili binafsi, asome masharti kabla hajaandika insha yoyote.

Kuhusu pesa, usilinganishe posho na mshahara peke yake. Uliza bweni linalipwa na nani, chakula, nauli ya kwenda na kurudi. Uliza posho inatoka lini, maana kuna wanaolipa mwishoni, na kodi ya chumba chako haisubiri mwisho wa programu. Ujue pia kwamba posho ya namna hiyo inaweza kutozwa kodi ya mapato, na mara nyingi hawaikati wanapokulipa, kwa hiyo weka kando kidogo. Ukiona programu inayokudai wewe maelfu ya dola ili "uonje taaluma ya saikolojia", funga ukurasa. Zile zilizoundwa kwa ajili ya vijana kama wewe hazimtozi mwanafunzi. SHPEP kwa mfano, programu ya kiangazi ya kuwaandaa wanafunzi kwa fani za afya, ambayo mizizi yake ni ya mwishoni mwa miaka ya 1980, huwa ni wiki 6, haina ada, na huchukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo. Hiyo ni ya fani za afya kwa upana, si ya akili peke yake, lakini angalia mwaka wako: wa pili ndio huu. Kibarua cha dukani utakikuta hata ukiwa mwaka wa nne.

Usiombe moja tu. Fedha hizi huamuliwa na wanasiasa, na programu iliyofunguliwa mwaka jana inaweza isifunguliwe mwaka huu. Nyingi hufunga maombi kati ya Januari na Machi, wakati kila mtu bado amejifunika blanketi. Waombe walimu wako barua za mapendekezo mapema, kabla hawajazidiwa na wenzako.

Sasa nije kwenye lile ninalolijua mimi zaidi kuliko hizo fomu. Umeandika kwamba unataka kuwa "daktari wa akili". Vizuri. Lakini hapa wodini ninapofanya kazi, watu wa kazi hii ni wengi, na wewe ukiwa nje unamwona mmoja tu. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anasoma chuo miaka 4, udaktari miaka 4, kisha miaka 4 ya ubingwa hospitalini. Anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa tiba ana shahada ya uzamivu na mwaka mzima wa mafunzo kazini, na katika majimbo mengi haandiki dawa. New Mexico ilikuwa ya kwanza kuruhusu, mwaka 2002, kwa waliopata mafunzo ya ziada. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anasoma uzamili, kwa kawaida miaka 2, halafu anafanya kazi chini ya msimamizi mpaka atimize saa za leseni ya tiba. Yupo pia muuguzi wa akili, mshauri nasaha, na yule aliyewahi kuugua mwenyewe ambaye sasa anaajiriwa kuwasindikiza wengine.

Unajua nani wanaulizwa zaidi na familia siku mgonjwa anapotoka? Ustawi wa jamii. Atalala wapi, bima itakubali nini, nani atampeleka kliniki. Nimewatazama wakibishana na simu tangu asubuhi mpaka wanasahau kula. Sikuchagulii, lakini nataka uwaone hao wote kabla hujaapa kusoma miaka 12. Ndiyo maana mimi, ningekuwa wewe, ningechagua programu inayokuweka karibu na watu walio kazini kuliko ile ya maabara ya utafiti peke yake. Ya maabara si mbaya: utafundishwa maadili ya utafiti, utaingiza data, utapanga majibu ya mahojiano, mwisho utasimama mbele ya bango la utafiti wako ueleze. Ukitaka uzamivu, hiyo ndiyo njia. Ila usiende ukidhani utampa mtu ushauri nasaha. Mwanafunzi haruhusiwi, na ni sawa asiruhusiwe.

Kazi yenyewe ipo. Zaidi ya watu milioni 100 wa nchi hii wanaishi katika maeneo ambayo serikali imeyatangaza kuwa na upungufu wa wataalamu wa afya ya akili, na ukikubali kufanya kazi huko upo mpango wa kukulipia sehemu ya mkopo wa masomo, wa National Health Service Corps.

Limebaki la insha, na hapa naomba unisikilize vizuri. Rasimu uliyonitumia inaanza na ugonjwa wa shangazi yako. Umeandika vizuri, nilishindwa kuimaliza kwa mara moja. Lakini siku zile alizoona vitu, maneno aliyosema, jina la dawa yake, vyote hivyo ni vyake. Wasomaji wa maombi ni wageni, na yeye hajui kwamba wanamsoma. Andika ulichofanya wewe: ulivyokuwa ukitafsiri kwa daktari ukiwa bado mtoto wa shule, jambo ambalo hospitali haikupaswa kukuachia, ulivyosoma barua za bima ambazo sisi wakubwa tulishindwa kuzielewa, swali ulilobaki nalo. Hayo yanatosha kuonyesha kwa nini uko hapo, na mazingira uliyotoka. Ukiona bado lazima umtaje, mpigie simu kwanza umsomee aya hiyo. Akisema hapana, iondoe.

Fomu ya kodi ya mwaka jana nimeipiga picha na kukutumia. Ficha namba zetu za hifadhi ya jamii kama hawajaziomba. Nitumie orodha ya programu ulizochagua pamoja na tarehe za mwisho, nizibandike hapa jikoni, mama yako azione.

Baba yako